Hilux ya kizazi kipi ikufae: namna ya kuzitambua na kuzikagua kabla hujatoa hela, kwa watu wa Arusha na Moshi

Wakuu, swali la Hilux gani nichukue naulizwa kila mara, na anayeuliza anataka jibu la neno moja, sasa haliwezekani kwa sababu Hilux ya 1990 na Hilux ya 2018 ni gari mbili tofauti zilizoandikwa jina moja. Toka 1968 mpaka leo wameibadilisha kizazi baada ya kizazi, na kila walipobadilisha kuna kitu mnunuzi kaongezewa na kuna kitu kanyang'anywa. Ukishajua hivyo viwili kwenye gari iliyo mbele yako, unajua pa kugusa siku ya kukagua na fundi gani uende naye. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: chagua kizazi kwa kazi yako na kwa fundi aliye karibu na wewe, mambo ya taa na rimu yaje mwisho.

Cha kwanza jifunze kusoma kibati. Fungua boneti utafute kibati cha modeli, zile herufi za mwanzo zinakuambia injini iliyotoka nayo kiwandani. LN ni dizeli za zamani, familia ya 2L, 3L na 5L. RN ni petroli za zamani kama 22R. KUN ni dizeli za KD, hizi ndo D-4D za Vigo, yaani Hilux ya kizazi cha 7. LAN ni bodi ya Vigo ila ndani imewekwa 5L ya zamani isiyo na tabo, hizi ziliagizwa sana na mashirika na ukiipata nzuri usiiache. TGN ni petroli kama ya 2.7, GGN ni V6 ya 4.0, na GUN ni dizeli za GD, yaani Revo, Hilux ya kizazi cha 8. Afu namba zinazofuata nazo zina maana, KUN25 ni 2.5 ya 4x4, KUN26 ni 3.0 ya 4x4, wakati KUN15 na KUN16 ni za kuvuta nyuma tu. Hapa watu wanaumia, maana kuna Hilux zimenyanyuliwa juu toka kiwandani lakini zinavuta nyuma peke yake, kwa mbali unaapa ni 4x4. Inama chini uangalie kama kuna difu ya mbele. Kama hakuna, hakuna, hata muuzaji aseme nini.

Halafu angalia herufi tatu za mwanzo za namba ya chesesi, hizo zinakuambia ilikotengenezwa. MR0 ni Thailand, AHT ni Afrika Kusini kwenye kiwanda cha Durban, zinazoanza na JT ni Japani. Linganisha na maneno ya muuzaji. Hilux ya kizazi cha 7, yaani Vigo, haikuuzwa Japani kabisa, Toyota waliirudisha Hilux sokoni kule Septemba 2017 ikiwa tayari ni kizazi cha 8. Kwa hiyo mtu akikuambia Vigo yake ya 2010 ilikuwa inatembezwa na mzee mmoja wa Tokyo, hapo shika hela yako vizuri. Vigo nyingi za stelingi ya kulia zinatoka Thailand, Uingereza, Australia au Afrika Kusini, au ziliingia nchini zikiwa mpya kwa serikali, miradi na makampuni. Asili ya gari inakuambia ugonjwa wa kuutafuta, nitalirudia hili kwenye kutu.

Sasa vizazi vyenyewe. Vitatu vya mwanzo nitapita haraka kwa sababu hutavikuta barabarani kirahisi. Ya kwanza ilitoka Machi 1968, ikiundwa kwenye kiwanda cha Hino pale Hamura, Japani, injini ya petroli ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 77, inavuta nyuma tu, na gia zake ziko kwenye stelingi. Ya pili 1972, ya tatu 1978. Jambo kubwa limetokea ndani ya hii ya tatu, 1979 wakaiwekea 4x4 kwa mara ya kwanza, eksele ya mbele nzima na springi za mabapa mbele na nyuma. Hapo ndo Hilux ikaanza kwenda kule ambako zamani ilikuwa Land Rover na Land Cruiser tu. Cha nne kikaja 1983 na ndani yake 1984 ikazaliwa Surf, hizi Surf tunazoziona hapa mjini ni mtoto wa Hilux. Mwaka 1985 baadhi ya 4x4 zikaanza kuondolewa eksele nzima ya mbele na kuwekewa mikono ya kujitegemea kila upande, gari ikawa laini kwenye lami na ikapoteza ugumu kidogo. Ukiipata ya miaka hii inunue kama unaipenda na una muda wa kutafuta spea, kwa kazi ya kila siku sikushauri.

Kizazi cha 5 ndo cha kuanzia kama unataka gari ya kazi. Kilitoka 1988 na kilikaa sana, mpaka 1997, na zile za dabo kebini zenye 3L ya 2.8 na eksele nzima mbele, LN106, bado zinabeba mizigo mpaka leo. Kwa mtu anayefanya kazi Loliondo, Longido ndani huko au njia ya Natron, sijaona cha kuizidi kwenye jambo moja, inatengenezeka popote. Pampu ni ya kimakanika, haina kompyuta, haina sensa za kukuzimia gari porini, nozeli zinafanyiwa sevisi na mafundi wa kawaida. Unacholipia ni mwendo. 3L ina nguvu za farasi 90 hivi na haina tabo, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, Arusha mjini uko kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, kwa hiyo ukiipakia mzigo ukaanza kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu utapanda kwa gia ndogo huku basi zinakupita, na moshi mweusi kidogo kwenye mlima ni kawaida yake. Moshi mweupe unaoendelea wakati injini imeshapata moto, huo sio kawaida.

Kwenye hizi familia za L mambo ni mawili, joto na belti. Taimingi ni ya belti, inabadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika vali zinagonga pistoni, hakuna msamaha. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ilibadilishwa hesabu kwamba haijabadilishwa na uikate kwenye bei. Joto ndo linaua hedi, hasa 2L yenye tabo, ikichemka mara moja vizuri hedi inapasuka. Kwa hiyo fungua rejeta gari ikiwa ya baridi, angalia maji. Ukikuta maji matupu bila kulanti (dawa ya rejeta), yana rangi ya kutu au yana mafuta yanaelea juu, umeshapata habari yako. Chomoa na dipu stiki, oili ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, funga boneti salimia uondoke.

Kwenye kizazi hiki na kile kilichokitangulia nyingi unafunga hab za mbele (vile vifungio vya katikati ya gurudumu) kwa mkono, unashuka kwenye tope unazungusha ndo unarudi kuvuta gia ya 4x4. Wanunuzi wengi hawazigusi wakati wa kukagua. Zizungushe zote mbili, kama imekaza mpaka unataka nyundo ujue 4x4 haijatumika siku nyingi na huko ndani grisi imekuwa udongo.

Kizazi cha 6, 1997, kwangu ndo cha katikati kizuri kwa mtu wa Kilimanjaro anayepanda Kibosho au Rombo na kushuka mjini kila siku. Bado unapata 3L, unapata 5L ya lita 3.0 isiyo na tabo, kebini imepanuka, nyingi za 4x4 mbele zina nondo za kujisokota badala ya eksele nzima. Ipo na ile ya 1KZ ya tabo, ina nguvu nzuri, ila nayo haitaki kuchemka, rejeta yake iwe safi muda wote. Za 5L zinazozunguka ukizipata zenye historia zinauzwa bei ya kukushangaza na mwenye nayo hashuki, kwa sababu anajua alichonacho. Cha kuangalia zaidi hapa ni mbele: piga jeki gurudumu moja moja, shika tairi juu na chini ulitikise, afu kushoto na kulia. Ikicheza juu na chini ni boljointi au beringi, ikicheza pembeni ni tairodi. Barabara za mawe za kupanda mashambani zinamaliza hivi vitu, na sio sababu ya kuiacha gari, ni sababu ya kupunguza bei.

Sasa Vigo, kizazi cha 7, hapa tukae maana ndo wengi wanazitaka. Ilizinduliwa Thailand mwaka 2004, na kuanzia hapo Hilux ya dunia ikawa inatengenezwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Kila kitu kilikua, chesesi kubwa zaidi, mbele zikaja springi za koili, ndani ukapata nafasi ya kweli nyuma. Na injini zikageuka kabisa, 2KD ya 2.5 na 1KD ya 3.0, komon reli (injekta zote zinalishwa dizeli ya presha toka bomba moja), tabo, injekta za umeme. Nguvu ziliongezeka, 1KD ilianza na farasi 163. Kilichoondolewa ni uvumilivu wa dizeli chafu. Injekta za komon reli zinafanya kazi kwa presha kubwa sana na matundu madogo sana, maji kidogo au uchafu kidogo unaziharibu, na seti ya injekta nne mpya ni hela ya kununulia pikipiki. Dizeli ya kwenye madumu, ile mtu anakupimia kijijini kwa chupa, Vigo usiipe. Chini ya filta ya dizeli kuna mahali pa kutolea maji, yatoe mara kwa mara, na kwenye dashibodi kuna taa ya kukuonya maji yamejaa, ukiiona usisubiri ufike.

Ugonjwa wa 1KD ambao lazima uujue uko chini ya injekta. Kila injekta imekalia washa ya kopa, kale kapete ka shaba ka kuzibia. Washa ikichoka, moto wa kwenye silinda unavuja kupanda juu kwenye kava ya hedi, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito inageuka lami, ile lami inaziba chujio la kunyonyea oili kule chini kwenye sampu (bakuli la oili), presha ya oili inashuka na siku moja injini inaua beringi zake ukiwa barabarani na taa ya oili imewaka umechelewa. Kukagua ni hivi, gari ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha kujazia oili kiweke kinyume juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo sawa, kikirushwarushwa na moshi unatoka kwa nguvu, kuna kinachovuja, inaweza kuwa washa, inaweza kuwa ringi za pistoni. Afu zima gari, ingiza kidole kwenye lile tundu ufute ndani ya kava. Oili nyeusi ni kawaida ya dizeli, ila ukitoa kidole kina utando mzito kama wa masizi yaliyoganda, mwombe mwenye gari fundi ashushe sampu muone chujio. Anayekataa kabisa mwachie gari yake. Na ukishainunua badilisha hizo washa hata kama haijaonyesha dalili, kazi yenyewe si kubwa kwa fundi anayejua.

Taimingi yake pia ni belti. Kuna taa inawaka kwenye dashibodi kukumbusha muda wa belti, na kuna mafundi wanaizima bila kubadilisha belti, kwa hiyo taa kuzima sio ushahidi, risiti ndo ushahidi.

Kizazi cha 8, Revo kama wanavyoiita, kilizinduliwa Mei 2015. Injini za GD, 2.4 na 2.8, na hapa belti imeondoka imekuja cheni, jambo ambalo nalipenda sana. 2.8 ilianza na farasi 177 na mwaka 2020 wakaipandisha mpaka 204. 4x4 unachagua kwa kuzungusha swichi, ile gia ndogo ya pembeni haipo tena. Kwa mtu wa safari ndefu za lami, Arusha Dodoma, Moshi Tanga, na mwenye hela ya kuitunza kwa oili sahihi, hii ndo ya starehe kuliko zote zilizotangulia. Lakini uliza imetoka nchi gani, maana zile za Uingereza na Australia zina kichujio cha masizi kwenye njia ya sailensa. Kichujio hiki kinajisafisha kwa kuchoma masizi gari ikitembea kwa kasi kwa muda, sasa kama safari zako ni Njiro mjini, mjini Njiro, foleni ya mnara wa saa, hakipati joto la kutosha kinaziba, taa inawaka, gari inakosa nguvu. Na kama unaishi mbali na mwenye mashine ya kupimia, fikiria mara mbili. Filta ya hewa nayo ifungue kila wiki kama unatembea kwenye vumbi la Longido, sio kusubiri kilomita za kitabu. Novemba 2025 wameonyesha kizazi cha 9 kule Bangkok na safari hii kuna ya umeme, hiyo tuiache mpaka ifike huku tuone.

Siku ya kukagua. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana vizuri. Ikiwa ya moto, na akakuambia "kaka nimekupashia kabisa, we ingia tu uendeshe", mshukuru, mwambie utarudi kesho asubuhi, kwa sababu dizeli inasema ukweli ikiwa ya baridi. Asubuhi ya Arusha mwezi wa sita au wa saba ndo nzuri kuliko zote. Iwake bila kuhangaika sana, isitetemeke kama inakosa silinda moja, na ule moshi wa mwanzo ukate ndani ya muda mfupi. Moshi wa bluu ni oili inaliwa.

Kabla ya kuendesha lala chini. Chesesi ndo gari, mengine yote yanabadilishika. Nenda nyuma pale springi za mabapa zinaposhikwa na chesesi, na pale chesesi inapopinda kupita juu ya eksele ya nyuma, gonga kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na maganda yanadondoka. Gari za Uingereza ndo za kuziogopa hapa, kule barabara zinamwagiwa chumvi kipindi cha baridi na chumvi inakula chesesi kutokea ndani, juu utaona bodi inang'aa na chini kumepakwa rangi nyeusi nzito mpya. Rangi mpya ya chini kwenye gari ya zamani iulize maswali. Angalia pia alama za kuchomelea, hizi gari zinabebeshwa kupita tani yake na chesesi zinapasuka nyuma ya kebini, ukikuta imeungwa na bati limewekwa juu yake, kwa gari ya mizigo mimi naiacha.

Kuendesha, tafuta mlima. Ukiwa Arusha panda Ilboru, ukiwa Moshi panda Kibosho au Uru, ukiwa na watu wanne ndani. Sikiliza tabo, angalia geji ya joto, ikipanda kupita katikati kwenye mlima mfupi rejeta au hedi ina kesi. Kwenye gia ya nne kwa mwendo mdogo kanyaga mafuta ghafla, injini ikipanda kelele na gari haiongezi mwendo klachi imekwisha. Ukirudi tafuta barabara ya vumbi ujaribu H4 (4x4 ya mwendo wa kawaida) na L4 (4x4 ya gia nzito), kwenye lami kavu usijaribu kukata kona ukiwa H4 kwa sababu mbele na nyuma zimefungwa pamoja na utaumiza difu. L4 iachie klachi bila kukanyaga mafuta, inatakiwa itambae yenyewe.

Karatasi usizifanye za mwisho kwa haraka. Namba ya chesesi isome kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia karibu na tairi la mbele, usisome kwenye kibati peke yake, na ilingane na kadi. Namba ya injini pia, maana injini zimebadilishwa sana na kama kadi haijabadilishwa utahangaika wewe. Gari iliyokuwa ya mradi, yenye namba za DFP, iliingia kwa msamaha wa kodi, kwa hiyo hakikisha kodi imelipwa na usajili umehamishwa ndipo utoe hela, ahadi ya "tutamalizia TRA wiki ijayo" usiikubali hata kama ni ndugu. Na za mnadani mara nyingi zimesimama muda mrefu, tenki likaota kutu, kwa hiyo bajeti yako iwe na kusafisha tenki kabla ya kuiwasha na kuiendesha.

Ukishaichukua, wiki ya kwanza kabla ya mzigo wowote mwaga oili zote, injini, giaboksi, transifa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) na difu mbili, weka mpya, badilisha filta zote na belti kama ni ya belti. Afu mara moja kwa mwezi, hata kama hakuna tope, iingize 4x4 kwenye barabara ya vumbi utembee kilomita chache ili oili izunguke kule mbele, masika ikifika iwe inaingia bila kugoma.